Waliokaa Mbele ya Bi Zafarani

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema bali zile za watu kunyamaza, palikuwa na mji uitwao Mtondoo. Mji wenyewe mdogo, lakini ndani yake ilikuwamo miji miwili. Upande mmoja Majumba, kwenye nyumba za mawe, na wenyewe wakijiita Waarabu. Upande wa pili Makuti, kwenye nyumba za udongo, na wenyewe wakiitwa wajukuu wa watumwa. Ungewasimamisha mtu wa Majumba na mtu wa Makuti bega kwa bega, mara nyingi usingejua yupi ni yupi, maana damu ilikwisha kuvuka barabara zamani sana. Lakini wao walijua. Walijua nani aingie kwa mlango wa mbele na nani azungukie nyuma.

Katikati, kando ya barabara hiyo, palikuwa na chumba cha mnasihi. Kazi ya mnasihi ni kusikiliza. Mtu akilemewa na jambo asiloweza kumwambia mumewe, wala mama yake, wala imamu, alikwenda pale, akavua viatu, akakaa mkekani, akasema. Kilichosemwa pale hakikutoka nje. Na zama hizo mnasihi alikuwa Bi Zafarani binti Heri.

Zafarani alizaliwa Makuti. Bibi yake, Asumini, aliletwa pwani akiwa mtoto mdogo, kutoka bara upande wa ziwa, amefungwa kamba. Hayo kila mtu aliyajua. Lakini Zafarani alipokabidhiwa chumba, akiwa bado kijana, alianza kusema kwamba babu yake alitoka Uarabuni. Alilisema kwa upole, kama mtu anayetaja jambo dogo. "Babu, Mungu amrehemu, kahawa yake ilikuwa ya kule kwao." Watu waliitikia. Mtondoo kila mtu alikuwa na babu wa namna hiyo, na adabu ilitaka babu wa mwenzio usimchunguze. Akitembea, Zafarani alitembea kivulini, asizidi kuiva na jua.

Huyo ndiye mnasihi aliyemkuta Tatu binti Mabruki.

Tatu alikuwa msichana wa Makuti. Wanawake wa Majumba walikuwa na chama chao cha maulidi, naye alikuwa akikaa mlangoni kupanga viatu vya wageni. Siku moja mwongozaji wa kasida alishikwa na kikohozi katikati ya ubeti. Tatu, pale pale kwenye viatu, akaipokea kasida ilipokatikia. Waliokuwa ndani wakanyamaza, wakamsikiliza mpaka mwisho. Kisha mkubwa wao akasema, "Sauti nzuri, mashallah. Haya, rudi kwenye viatu."

Kesho yake Tatu alikuwa mkekani kwa Bi Zafarani.

"Shikamoo, Bi Zafarani."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

Tatu akasema yote, na mwisho akauliza, "Mimi nina kasoro gani?"

Swali lile lilimgusa Zafarani kwenye kidonda chake mwenyewe. Alijiona yeye pale mkekani. Na alipojiona yeye, akaacha kumwona Tatu.

"Huna kasoro," alisema. "Una jina baya tu. Tatu binti Mabruki, nani atakupisha upite mbele? Jiite Thurea. Sema baba wa baba yako alitoka Uarabuni. Wala usiseme sana. Wakikuuliza mara ya pili, badili mazungumzo. Mimi nimefanya hivyo, na unaniona nilipo."

"Na mama? Mama yangu anajulikana mji mzima."

"Mama mwambie asikufuate Majumba."

"Yaani nimkane?"

"Nani amesema umkane? Asikufuate tu."

Tatu akawa Thurea. Akapanga chumba Majumba, akashona nguo, na haukupita muda mrefu akaitwa kuongoza kasida. Wale wanawake walijua vizuri ni mtoto wa nani. Sauti walikuwa wakiitaka siku nyingi; walichokosa ni uongo wa kuifunikia, na sasa ameuleta mwenyewe. Ukawa wimbo wa kila mwaka: Thurea anaimba ndani, na mama yake, muuza vitumbua, amesimama ng'ambo ya barabara anamsikiliza mwanawe kupitia dirishani. Mama yule alipofariki, Thurea alikwenda matangani. Akakaa pembeni, kwenye mkeka wa majirani. Waliokuja kutoa pole walimpa mkono kama jirani, naye akasema ahsanteni.

Zafarani alikuwepo matangani. Aliona. Akatazama chini.

Basi, siku zikaenda. Ikatokea harusi kubwa Majumba, na Zafarani akaalikwa. Akavaa, akajitia udi, akakaa na wageni. Watu wakawa wengi kuliko ilivyotazamiwa, vyombo vikakosa waoshaji. Mama wa bwana harusi akatupa macho ukumbini, akampita huyu, akampita yule, akasimama kwa Zafarani. "Zafarani mwanangu, nyinyi kazi hii mmeizoea. Hebu tusaidie hizo sufuria."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa mapenzi, na hilo ndilo lililomkata Zafarani, maana mikono yake ilikwisha anza kukunja mikono ya nguo kabla yeye mwenyewe hajajua. Akaitazama mikono ile. Akaikunjua nguo yake polepole, akasimama, akatoka.

Tangu siku hiyo babu wa Uarabuni hakutajwa tena. Zafarani alipita juani katikati ya barabara. Akiulizwa jina alijibu, "Zafarani, mjukuu wa Asumini aliyeletwa kwa kamba. Mwenye neno na aseme." Watu wa Makuti walipomsikia, migongo iliyopinda ilinyooka. Wazee walimwombea dua. Lakini ndani ya chumba chake lilianza kutokea jambo ambalo nje halikuonekana. Mtu alikuja na shida ya kukosa usingizi, Zafarani akasikia Majumba. Mtu alikuja na ugomvi wa mpaka wa shamba, Zafarani akasikia Majumba. Mnazi ukikataa kuzaa, ni Majumba.

Huyo ndiye mnasihi aliyemkuta fundi Feruzi.

Feruzi wa Makuti alikuwa mchonga milango. Milango yote yenye nakshi kule Majumba ilipita mikononi mwake. Na huko huko kwenye kuchonga alipendana na Nasra binti Suleiman, wa nyumba kubwa ya mawe, wakaoana, kaka zake Nasra wakiwa wamekunja nyuso. Wakapata binti, Ramla, mweusi kama baba yake. Wakaishi vizuri. Kisha siku moja wakagombana, na Nasra akamchukua mtoto akarudi kwa kaka zake.

"Bi Zafarani," Feruzi alisema, "nilimtukana mke wangu kwa jambo dogo. Nataka arudi. Nimekuja unisaidie, nitamwambiaje?"

"Ukienda kwa hao shemeji zako unaingilia mlango gani?"

"Wa nyuma. Nimezoea."

"Na ule wa mbele aliuchonga nani?"

"Mimi."

"Usiende kumwomba mtu ambaye kwao unaingilia jikoni. Aje yeye kwanza asimame upande wako. La sivyo mwache."

"Lakini kosa lilikuwa langu, Bi Zafarani."

"Kosa lako ni kuzoea."

Neno lile Feruzi alitoka nalo. Alipoitwa Majumba kutengeneza bawaba, alikwenda akasimama mbele ya mlango wa mbele. Akaambiwa azunguke. Akasema, "Sizunguki." Akarudi nyumbani. Kesho yake waashi nao hawakuzunguka. Wakafuata washonaji, wakafuata wapishi, mpaka wabeba maji. Mvua za vuli zikapita, masika yakaja, mapaa ya Majumba yakavuja, na hakuna aliyezunguka. Mwishowe milango ya mbele ikafunguliwa, na mbeba maji wa Makuti akapita humo, mtungi begani, miguu ina matope. Siku ile Makuti watu walilia kwa furaha.

Lakini muda wote huo Nasra alikuwa akikaa dirishani akimngojea mumewe aje kusema neno. Mumewe hakuja. Kaka zake wakamwambia, unaona, mtu mwenyewe hakutaki. Talaka ikaombwa, na Feruzi, kwa jeuri ya siku zile, akaitoa.

Watu walimpelekea Bi Zafarani kanga na ubani kumshukuru. Feruzi alikwenda mwisho, mikono mitupu. Hakuvua viatu. Akasimama kizingitini.

"Nilikuja kwako na shida ya mke, nikatoka na vita vya mji," alisema. "Vita tumeshinda. Mke wangu yuko wapi?"

Hakungoja jibu.

Zafarani alifunga chumba. Akaenda kukaa kwa shangazi yake, Bi Tabu, mwisho kabisa wa Makuti. Wakawa wanapepeta mchele pamoja. Siku moja akamwambia, "Shangazi, nisimulie habari za bibi Asumini. Nisimulie alivyoteseka."

Bi Tabu akacheka. "Mama? Mama alikuwa mwizi wa kete. Ukicheza naye bao ulinde mashimo yako. Alimpenda paka kuliko sisi. Alikuwa na wimbo wa kwao, wa kutwangia, na maneno yake alikuwa ameyasahau, basi akatia ya kwake, ya matusi. Aliteseka, ndiyo. Lakini ukiniuliza alikuwa nani, mateso hayatanijia kwanza."

Zafarani aliacha kupepeta. Zamani alikuwa ametafuta Mwarabu wa kujifichia nyuma yake. Kisha akatafuta mtumwa wa kumbeba kama bendera. Sasa amepewa mtu, mwizi wa kete mwenye paka. Alikaa kwa shangazi yake muda mrefu, akiuliza na kuuliza, na alipofungua tena chumba chake alikuwa mtu asiyekuwa na haraka.

Huyo ndiye mnasihi aliyemkuta Nasra.

Ndiyo, Nasra yule yule, binti Suleiman. Alisimama kizingitini amejifunika uso. Alipojifunua, Zafarani akamtambua.

"Bi Nasra," alisema, "usivue viatu kwanza. Mimi nina yangu na watu wa kwenu. Nikikusikiliza leo nitasikia yangu, sitasikia yako. Nenda, urudi Ijumaa. Nikiwa bado siwezi, nitakwambia wazi, utafute mwingine."

Nasra akaenda. Ijumaa akarudi. Zafarani akamwonyesha mkeka.

"Ni mwanangu, Ramla," Nasra alisema. "Pale nyumbani binamu zake wanamwita mtoto wa jikoni. Juzi nimemkuta uani anajisugua mkono kwa kumbi la nazi. Anataka weusi utoke. Alikuwa amefika kwenye damu. Miaka yote nilisikia wanavyomwita, nikakaa kimya. Najua unanidharau."

Maneno mawili yalimjia Zafarani mdomoni kwa pamoja. Moja lilikuwa la zamani sana: mfiche mtoto, mfunike, asionekane. La pili lilikuwa la juzi: mmeona mlichokifanya? Yote mawili yalimwasha ulimi. Akayameza.

"Ulipomkuta na lile kumbi, ulifanya nini?"

"Nilimnyang'anya."

"Halafu?"

"Nikaingia ndani, nikalia."

"Na yeye?"

"Alibaki uani," Nasra akasema. "Peke yake."

Zafarani hakuongeza neno. Nasra akalia kwa muda mrefu, na mnasihi akakaa naye. Akaja tena, na tena. Hakuna siku aliyoambiwa afanye nini. Na siku moja, kaka zake wakiwa wamekaa sebuleni na wageni wanakunywa kahawa, Nasra alimshika Ramla mkono, akapita naye katikati yao.

"Huyu ni mwanangu," aliwaambia. "Baba yake ni Feruzi, na rangi yake ni ya baba yake, na mimi naipenda. Leo ndiyo mwisho wa kumwita jina jingine mbele yangu, maana hamtatuona."

Wakahamia Makuti. Feruzi alikuwa amekwisha oa mke mwingine, kwa hiyo usidhani walirudiana. Lakini Ramla alikwenda karakanani kwa baba yake kila jioni, na ule mkono ukapona.

Sasa tufike penye fundo.

Bi Zafarani alizeeka, masikio yakaanza kumwacha. Mnasihi asiyesikia amemaliza kazi. Na desturi ya Mtondoo ilikuwa hivi: mkeka wa mnasihi hurithiwa na mtu aliyewahi kukaa mbele yake na shida, na anayeutaka husimama mbele ya watu wote akasema kwa nini. Mkeka ukatolewa nje, ukatandikwa barabarani, Majumba upande huu, Makuti upande ule. Bi Zafarani akawekwa karibu ili asikie.

Alianza kusimama mwongozaji wa kasida. Watu walidhani anafungua mkutano kwa dua.

"Mnaniita Thurea," alisema. "Sina babu Uarabuni. Mimi ni Tatu binti Mabruki, na mama yangu ni yule muuza vitumbua aliyekuwa akisimama hapa hapa kunisikiliza. Nilipewa pole ya mama yangu kama jirani." Wanawake wa Majumba wakainamisha vichwa, naye akawatazama mmoja mmoja. "Msiiname. Mlijua. Sasa nadai mkeka. Zafarani alijifunzia kazi yake juu yangu. Nasra mwenyewe husema kwamba alipokuja alimkuta mnasihi anayejua kuuzuia ulimi wake. Alijifunzia wapi? Kwangu. Mimi nimeishi ndani ya ushauri mbaya uliokuwa na sura nzuri. Mtu hatanidanganya nao tena, wala mimi sitampa mtu."

Akasimama Feruzi.

"Mimi simlaumu, na sijamsamehe," alisema. "Jambo langu aliliharibu. Jambo la mji alilinyoosha, na alilinyoosha kwa mgongo wangu. Leo mbeba maji anaingia mlango wa mbele. Hata Nasra alipotoka kwa kaka zake, alitoka ndani ya mji niliokwisha kuugeuza mimi. Watu watakaokaa mkekani hapa ni watu waliofundishwa kuinama. Nipeni mimi, niliyeikataa njia ya nyuma."

Kisha akasimama Nasra, na upande wa Makuti ukavuma. Mtu akasema kwa sauti, "Majumba tena?"

Nasra hakukaa. "Semeni mpaka mwishe," alisema. "Nitawasikiliza." Wakasema, na mengine yalikuwa mabaya. Alisikiliza mpaka wakanyamaza wenyewe.

"Tatu aliambiwa ajifiche," alisema. "Feruzi aliambiwa apigane. Mimi peke yangu nilisikilizwa. Sikustahili kuliko wao. Nilipata kuliko wao, na hilo nalijua kila siku. Lakini kati yetu watatu, ni mimi ninayekijua kitu chenyewe kilivyo. Wao wanakijua kwa kukikosa. Nipeni nikitoe, na nianze na hawa walionizomea."

"Hilo ndilo linaloniuma," Tatu alisema. "Ubaya wake alitupa sisi wa kwake. Uzuri wake akawapa nyinyi."

Feruzi naye akamgeukia Nasra. Walikuwa hawajasemezana mbele ya watu tangu talaka. "Mwanangu alikuwa akijisugua mpaka damu, na wewe umekaa kimya."

"Ndiyo," Nasra alisema. "Na wewe hukuja."



Bi Zafarani akajiinua kwa fimbo yake. "Nimesikia ya kutosha," alisema. "Tatu, nilikukosea, na mama yako nilimkosea zaidi. Lakini aibu ile sikuipika mimi. Niliimeza kama wewe. Sitainama hapa mbele ya walioipika." Akawatazama Majumba mpaka wakaangalia pembeni. "Feruzi, hasira ile siijutii hata leo. Najuta kwamba ulikuja na jambo lako nikakupa langu. Nasra, wewe sikukupa kitu, nilinyamaza tu. Kunyamaza kule nilikujifunza kwa hawa wawili, na sikuwaomba ruhusa."

"Basi chagua, Bi Zafarani," watu wakasema.

"Sichagui. Nikichagua leo nitachagua kwa kidonda changu, na watu nimewatibu kwa kidonda changu mara za kutosha. Mimi ni mjukuu wa Asumini. Kazi yangu nimeifanya, mbaya na nzuri, nayo yote ni yangu. Chagueni nyinyi."

Akaondoka, akielekea Makuti, juani, bila haraka, akawaacha watatu wale wamesimama kuuzunguka mkeka.

Mtondoo walibishana mpaka makoo yakakauka, na hapo ndipo nami naachia, maana mkeka umetandikwa mbele yenu sasa. Yuko Tatu, aliyelipia mafunzo ya mnasihi kwa maziko ya mama yake. Yuko Feruzi, aliyepoteza nyumba yake mji ukanyooka. Yuko Nasra, aliyetoka upande uliodhulumu, akapata kile ambacho wenzake walinyimwa, na anataka kukigawa.

Je, nani alistahili? Na huyo unayetaka kunitajia, umemchagua kwa sababu atawasikia watu wa Mtondoo, au kwa sababu ni wa upande wako wa barabara?